Si Kila Baridi Ni Baridi ya Kericho

Mwaka huu nimewaachia wenzangu mashairi na vitendawili, nami niandike juu ya jambo linaloonekana dogo mpaka limfike mtu: mwanafunzi anayetetemeka.

Hapa kwetu kutetemeka si habari. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri tukienda prepu ukungu umelalia majani chai, meno yanagongana kama kayamba. Kwa hivyo mtu akisema "nasikia baridi", hujibiwa, "Si uvae sweta!" Akisema ana homa, hapo ndipo hasikilizwi kabisa, maana shuleni mwetu homa ni mafua, yaani kamasi na chafya. Lakini homa hasa ni joto la mwili kupanda kupita kiasi. Wanachama wenzangu watasema lugha hukua. Sawa, na ikue, lakini kwa ukuaji huo mgonjwa amenyang'anywa neno la kumwitia nesi.

Maoni yangu ni haya: anayetetemeka apimwe joto kwanza, kabla ya sweta na kabla ya Panadol, na kila bweni liwe na kipimajoto, au themomita kama wengi tunavyoiita.

Kwa nini? Mwili wa binadamu hutunza joto la karibu nyuzi 37 za Selsiasi, iwe ni Bomet au Mombasa. Msimamizi wa kazi hiyo ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi. Hewa ikipoa, huamuru mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ijibane na misuli itetemeke ili itoe joto. Jua likiwa kali, jasho hutoka na kutupoza. Mbwa, ambaye jasho lake ni haba, hutoa ulimi na kuhema. Kuku hupanua mdomo.

Sasa angalieni hila ya ugonjwa. Vimelea vya malaria vikipasua chembe za damu, msimamizi yule hupandisha kipimo chake, tuseme kutoka 37 hadi 40. Mtu mwenye nyuzi 38 basi anahesabiwa na ubongo wake mwenyewe kuwa amepoa! Ataomba blanketi, na mwili wake unawaka. Kutetemeka ni kulekule, ila wa paredi joto lake linataka kushuka na wa malaria joto lake linapanda. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alirundikiwa blanketi tatu usiku kucha na marafiki waliomtakia mema. Asubuhi alikuwa anaweweseka, na hospitalini damu ilionyesha malaria. Alipona, ashukuriwe Mungu.

Tena ajabu ni kwamba ng'ombe wetu wana bahati kuliko sisi. Ng'ombe wa maziwa akisusa majani, daktari wa mifugo akifika kitu cha kwanza ni kipimajoto. Anajua ng'ombe mzima huwa na nyuzi kati ya 38 na 39, na zikipita hapo ataanza kuuliza habari za kupe na ndigana. Hakuna mfugaji anayemwambia ng'ombe avae sweta.

Najua kuna watakaosema, "Malaria ni ya Ahero na Kisumu, huku juu ni baridi mno." Hoja hiyo ina msingi wake, nami sitaidharau. Mbu hana msimamizi wa joto. Mwili wake hufuata hewa iliyomzunguka, kama mjusi anayeota jua juu ya jiwe. Vimelea vya malaria ile kali, vikiwa tumboni mwa mbu, karibu havikui chini ya nyuzi 16. Kwenye nyuzi 25 huchukua kama siku 12 kukomaa, lakini kwenye nyuzi 20 huchukua karibu mwezi mzima, na mbu wengi hufa kabla. Hiyo ndiyo ngome yetu.

Ila ngome hiyo imewahi kuvunjwa. Katika miaka ya 1940 malaria ililipuka hata Londiani, palipo juu kuliko mji wa Kericho. Katika miaka ya 1990 ikarudi kwa nguvu katika mashamba ya chai ya Kericho. Wataalamu wakabishana: mwaka 2002 wengine waliandika kwamba hali ya hewa haikuwa imebadilika, wakataja dawa kama klorokwini kushindwa nguvu. Mwaka 2011 wengine walichambua rekodi za kituo cha hali ya hewa cha Kericho, za 1979 hadi 2009, wakaona joto limepanda kama nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Mimi naona hoja zote mbili zaweza kuwa na ukweli. Na kwa kuwa sisi wa nyanda za juu hatuumwi na mbu hao mara kwa mara, miili yetu haijazoea ugonjwa. Ukitupata, hata mtu mzima huangushwa.

Isitoshe, mbu si lazima apande Kericho. Wangapi kati yetu hufunga shule wakaenda kwa jamaa Ahero au Muhoroni? Aliyeumwa na mbu siku za mwisho za likizo huanza kuugua juma la kwanza au la pili la muhula, hapa hapa penye baridi. Malaria kali yaweza kumzidi mtu katika saa 24, na prepu mbili zikipita saa hizo zimekwisha.

Wengine watasema wavivu watajifanya wagonjwa. Jamani, si hapo ndipo kipimajoto kinapofaa zaidi? Kiwekwe kwapani, si mdomoni, maana nawajua wanaoweza kunywa chai moto kwanza. Kikionyesha 37.5 au zaidi, twende kwa nesi, damu ipimwe. Kikionyesha kidogo na mtu bado analalamika, apimwe tena baadaye, kwa sababu homa ya malaria huja na kuondoka. Mgonjwa apewe maji, na blanketi moja jepesi.

Kiranja wa bweni akitunze, na daftari la kuandika saa na nyuzi. Naomba vipimajoto hivyo viwepo kabla ya juma la pili la muhula ujao.