Goma–Kinshasa: kilometa ni zilezile, safari ndiyo imerefuka

Kwenye ramani, kutoka Goma mpaka Kinshasa ni karibu kilometa 1,560. Ndege ya jeti inazimaliza kwa masaa mbili na kitu. Tena juu saa ya Goma inatangulia ya Kinshasa kwa saa moja, mutu aliyeondoka saa tatu asubuhi aliweza kushuka Ndjili saa ine na robo ya kule.

Hiyo ilikuwa mbele ya mwisho wa Januari 2025. M23 ilipoingia Goma, ndege za abiria zilisimama. Februari, Kavumu, kiwanja cha Bukavu, nacho kikaanguka. Wazee wa Goma wanakumbuka lava ya 2002 iliyofunika sehemu ya piste, lakini lava inapoa, watu wanaitoboa na kujenga tena.

Sasa msafiri anavuka Grande Barrière, anapanda bisi mpaka Kigali, kilometa 150 na kitu. Kule hapati ndege ya kampuni ya Rwanda ya kumufikisha, sababu Februari 2025 Kinshasa ilifungia anga yake ndege zilizoandikishwa Rwanda. Basi anaenda kwanza mashariki, Nairobi au Addis-Abeba, halafu anageuka magaribi. Kwa Nairobi ni kilometa 750 za kwenda, na zaidi ya 2,400 za kurudi upande wa Kinshasa. Jumla inapita mara mbili ya njia ya zamani. Hewani ni kama masaa tano, bila kuhesabu barabara, mupaka na kungojea. Akikosa ndege ya pili, analala njiani.

Kwa barabara? Avuke mistari ya vita mpaka Kisangani, halafu mto, zaidi ya kilometa 1,700. Tuache hiyo.

Kinachoumiza zaidi ni karatasi. Zamani kadi ya uchaguzi ilitosha, maana mutu alikuwa anatembea ndani ya inchi yake. Leo anaombwa pasporti, na pasporti inatolewa na serikali ya Kinshasa, ile isiyo na mukono Goma. Mwanafunzi, mugonjwa aliyetumwa kwa daktari mkubwa, familia yenye kufiwa: mwenye pasporti atakopa pesa aende, asiye nayo atafuata mazishi kwenye simu.

Tarehe 30 Oktoba 2025, Paris, Rais Macron alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa kwa ndege za misaada. M23 ilipinga, ikisema iliamuliwa bila wao. Na hata kama wangekubali, ni dawa na unga ndivyo vingeshuka pale. Mama muuza vitenge angeendelea kupitia Kigali.

Chukua rula, chora mustari kutoka Nairobi mpaka Kinshasa: unapita karibu na Bukavu. Yaani msafiri wa Kivu anazunguka siku nzima, halafu njia inamurudisha juu ya kwao, na bado amebakiza masaa mbili.