Nani Aliyemwambia Aache Dawa?

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bila malipo nchini mwetu mwaka 2004. Ajabu ni kuwa katika mimbari nyingi maneno juu ya maradhi haya yamebaki yale yale ya kabla ya dawa: zinaa, adhabu na maonyo kwa vijana. Maonyo yana mahala pake. Lakini mja ambaye ameshaambukizwa, awe ameyapata kwa mumewe, kwa mamaye wakati wa kuzaliwa, au kwa njia nyingine yoyote, khutba hiyo haimwambii afanye nini kesho, wala miaka thelathini ijayo. Na watu hao si wachache: uchunguzi wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikadiria watu wazima milioni 1.5 hivi wanaoishi na VVU Tanzania. Tusidhani kuwa safu zetu za swala zimesalimika.

Ndugu Waislamu, ni wajibu tuelewe kwanza dawa hizi hufanya nini. Haziviondoi virusi mwilini, huvizuia visizaliane. Baadhi yake hujificha ndani ya chembe za mwili vikiwa vimelala, na huko dawa haivigusi. Mgonjwa akiacha vidonge, aghalabu huamka katika muda wa wiki chache. Akinywa leo na kuruka kesho, ndio hatari zaidi, kwani virusi huzoea dawa na kuwa sugu. Ama aliyedumu nayo, hufika mahali kipimo cha wingi wa virusi hakioni kitu katika damu yake, na akibaki katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hili la mwisho wanaofungisha ndoa wangelijua, wangepunguza maneno mengi.

Kwa hiyo nguvu zinazorejea si dalili ya kupona, bali ni dalili kuwa dawa inafanya kazi. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa.

Tunakumbuka mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipotoa kikombe chake Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Wakubwa wa serikali walikunywa, Waislamu nao walikunywa. Miongoni mwa wenye VVU wapo walioziacha dawa zao wakiamini wameshapona. Mzee huyo alifariki Julai 2021, na virusi vipo.

Lakini haifai tumcheke aliyepanda gari kwenda Samunge ilhali miongoni mwetu wapo wanaoandika kombe, wakamwambia mgonjwa kuwa jini limetoka, sasa avitupe vidonge. Dua ni ibada na kumsomea mgonjwa kuna asili yake. Hakuna daktari tuliyemsikia akimkataza mgonjwa kuombewa. Tunachokikataa ni neno moja tu: acha. Mwenye kulisema ameingia katika utabibu asioujua, na wanazuoni wa fiqhi wamemtia mtu wa namna hiyo dhamana ya madhara anayoyasababisha. Kamati za misikiti zina haki ya kumuuliza, tena hadharani.

Sababu ya pili ni aibu, na kwetu Uru aibu ina macho mengi. Vihamba vimepakana, na Waislamu ni wachache kiasi kwamba kila mmoja anajua nani ameteremka Moshi na siku gani. Ndiyo maana mtu huiruka kliniki ya tiba na matunzo iliyo karibu naye akaenda ya mbali asikojulikana. Nauli huongezeka, masika njia huwa matope, siku ya kliniki humpita. Anaogopa kukemewa kwa kuchelewa, basi na ya pili humpita, na baada ya hapo huhesabiwa katika waliopotea. Watafiti mkoani Kilimanjaro wamewahi kujaribu vijisanduku vya dawa vinavyotoa taarifa vinapofunguliwa, na ujumbe wa simu wa kukumbusha. Ni juhudi njema, ila kisanduku hakiwezi kumnyamazisha shemeji anayeuliza hivyo vidonge ni vya nini. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza unyanyapaa na kutoa siri ya mgonjwa. Nasi tulikuwa na hukumu ya amana kabla ya sheria hiyo. Anachoambiwa imamu faraghani hakifiki hata kwa mkewe.

Kuhusu Ramadhani: wengi sasa hunywa kidonge kimoja kwa siku, nacho chaweza kunywewa baada ya futari au wakati wa daku. Mwenye dawa za aina nyingine, au aliyedhoofika, amwone daktari tangu Shaabani, asikae mwezi mzima akiruka dozi kimya kimya. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na Qurani yenyewe, na hapaswi kuulizwa mchana kwa nini anakunywa maji.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ikadhihirika jinsi kazi ya kuwafuatilia wagonjwa majumbani ilivyotegemea mifuko ya wengine. Wanawake wa mkoa huu walianzisha KIWAKKUKI mwaka 1990, kabla dawa hazijapatikana, wakaingia katika nyumba za wagonjwa ambazo jamaa walizikimbia. Misikiti yetu ina mifuko ya sadaka na zaka. Mgonjwa fakiri aliyetulia kwa matibabu hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa safari moja, kwa hiyo nauli yake ya mwaka haizidi safari chache za kwenda na kurudi. Mweka hazina na ampe mkononi, bila kuandika jina lake kwenye daftari linalosomwa baada ya Ijumaa.