Siku Ngapi Zanzibar, Siku Ngapi Bagamoyo?



Katika vikundi vyetu vingi hamu ya kuiona pwani imezidi kukua tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Vijana wa Uvira, wa Kalemie, wa Bukavu na wa Lubumbashi wanachanga kidogo kidogo, wanauliza njia, wanaandikisha majina. Lakini mipango ya safari inapowekwa mezani, mingi inafanana: miji mitano katika siku saba, kila mji siku moja, na mwingine nusu siku. Majina ya miji yanajaza karatasi, na hakuna aliyeuliza watu watalala saa ngapi.

Maoni yetu ni haya. Kikundi kinachokwenda Zanzibar kikae Mji Mkongwe siku tatu kamili. Kinachokwenda Bagamoyo kilale huko mara mbili. Na kama fedha hazitoshi kwa vyote, afadhali mji mmoja uachwe kabisa kuliko miji yote miwili kunyang'anywa siku zake.

Tuanze na fedha, maana ndizo zinazotajwa kwanza katika kila kikao. Atokaye Uvira au Kalemie hana budi kufika Kigoma, kisha apande basi au treni. Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na treni yake ya zamani hutumia karibu siku mbili. Atokaye Lubumbashi naye anapitia Zambia kwa basi au reli. Juu ya hayo kuna nauli ya boti ya kwenda Zanzibar, ambayo mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchango huliwa na njia kabla mtu hajaiona bahari. Siku ya pili na ya tatu katika mji ule ule hudai kitanda na sahani ya chakula tu. Mji mpya hudai nauli mpya, wachukuzi wapya, na nusu siku ya kutafuta mahali pa kulala. Wanaopunguza siku ili kubana matumizi wanabana pale palipo rahisi na kuachia pale palipo ghali.

Kuna wanaosema kwamba Mji Mkongwe ni mdogo, siku moja inatosha. Ni kweli ni mdogo. Kutoka Darajani hadi Forodhani ni mwendo wa robo saa au zaidi kidogo, kama hukupotea njia, na kupotea utapotea. Katika siku moja kijana ataiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno. Ataitazama kwa nje Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Atapiga picha milango ya nakshi. Jioni atakula urojo na mishikaki ufukweni. Hayo si mabaya, nasi hatumnyimi mtu mishikaki. Lakini kwa mtu wa Kongo mashariki yapo mambo mawili mjini humo ambayo hayakubali kutazamwa kwa haraka.

La kwanza liko Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja kile Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wageni hushushwa pia katika vyumba vya chini vyenye dari fupi, wakaambiwa kuwa humo watumwa walisongamanishwa wakingoja kuuzwa. Kwa kawaida ziara yote haizidi saa moja. Sasa mfikirie kijana wa Maniema au wa Tanganyika ndani ya chumba kile. Baadhi ya waliouzwa katika soko lile walitoka upande wetu wa ziwa, wakapelekwa kwa miguu hadi pwani, na wengi walifia njiani. Anatoka nje akiwa kimya. Kabla ukimya huo haujamfanyia kazi yake, anaitwa kwa sauti kubwa akimbilie mashua, kwa kuwa saa nane kikundi kinakwenda kisiwa cha Changuu kutazama kobe. Kobe hawana kosa lolote. Aliyeandika ratiba ndiye wa kuulizwa.

Tena, juu ya vyumba vile kuna jambo ambalo mgeni wa siku moja hapati nafasi ya kulisikia: wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama kweli viliwahi kuwa vya watumwa, kwa sababu jengo lililo juu yake ni la misheni, la baada ya soko kufungwa. Hilo halipunguzi hata chembe ukweli wa soko lenyewe. Lakini kijana anayesoma historia shuleni anastahili kulijua, alipeleke kwa kiongozi wa ziara, asikie jibu lake, kisha arudi kesho yake kutazama tena kwa macho yake mwenyewe. Kurudi mara ya pili kunahitaji kesho ambayo ratiba za siku moja hazina.

La pili ni nyumba moja isiyo na fahari kubwa, yenye mlango wa nakshi, katika kichochoro cha Mji Mkongwe. Ilikuwa nyumba ya Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa bibi zetu kabla ya kulisoma kitabuni. Alikuwa na makao yake Kasongo. Pembe za ndovu na watu vilipita mikononi mwake. Mwaka 1887 akafanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold. Kisha akarudi Zanzibar na kufa huko mwaka 1905. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi familia za kawaida zimekuwa zikiishi katika nyumba hiyo, zikianika nguo na kupika chakula cha mchana. Kijana wa Kasongo akisimama mbele ya mlango ule aone nini? Hasira? Ndiyo, na ana haki nayo. Lakini akianza kuisema hasira hiyo, ataisema kwa lugha ambayo misafara ya akina Tippu Tip ndiyo iliyoileta kwetu. Lugha tunayoandikia maneno haya, tunayosalia, tunayobembelezea watoto, ilipita njia ile ile ya minyororo. Jambo hilo halimezwi kwa dakika kumi za kupiga picha. Linahitaji jioni moja ya kukaa pamoja barazani, mmoja akisema, mwingine akibisha, wa tatu akinyamaza.

Wazee wa Kiswahili wana hesabu yao juu ya jambo hili: mgeni ni wa siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kumwonya mgeni asiyetaka kuondoka. Sisi tunaichukua kwa upande wake wa pili, kwamba siku ya tatu ndiyo mtu anapoacha kuandaliwa, akaanza kuonekana kama mtu wa pale. Siku ya kwanza mji unakuuzia vitu. Siku ya pili unakutambua. Siku ya tatu muuza kahawa anakuuliza umetoka wapi, naye anangoja jibu. Na huenda akakuambia kwamba babu yake aliitwa Mmanyema, kwa maana wazao wa watu wetu wako wengi katika pwani ile, huru kabisa, Waswahili kamili.

Siku hiyo ya tatu tungeitumia hivi. Asubuhi kikundi kivuke barabara ya Darajani kiingie Ng'ambo, mahali ambapo watalii wengi hawafiki. Zamani palikuwa na kijito cha bahari katikati: upande huu majumba ya mawe, upande ule vibanda vya watu wa bara, watumwa na waliokwisha kuwa huru. Atakayeona upande wa mawe peke yake ameiona nyumba ya bwana bila kuiona ya mtumishi. Kama inawezekana, siku hizo tatu zipangwe zikutane na Dominika, vijana washiriki Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Waumini wetu huko ni wachache sana katikati ya Waislamu, na sisi tuliozoea makanisa kujaa hadi nje tutapata cha kuwauliza. Wala Ijumaa isipite bila kuonwa: maduka yanafungwa adhuhuri, mji unashusha sauti. Mavazi yawe ya heshima siku zote, si Ijumaa tu.

Mbona basi tusiseme wiki nzima? Kwa sababu kikundi chenye fedha haba, siku ya nne, huanza kutafuta cha kufanya. Wengine wanakwenda ufukweni kaskazini, wengine wanalala hadi saa nne, na mchango wa parokia unageuka likizo. Likizo si dhambi, lakini iitwe kwa jina lake na kila mtu ailipie mwenyewe. Kumbukeni pia kwamba likizo yetu kubwa ya Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo vyumba vya Zanzibar hupanda bei kwa sababu ya wageni wa Ulaya. Anayeweza kuvumilia mvua za masika, Aprili kwa mfano, atalipa kidogo zaidi. Mwezi wa Ramadhani nao una uzuri wake, ila kikundi kijue mapema kwamba mchana mahali pa kula ni haba, na kula hadharani ni utovu wa adabu.

Sasa Bagamoyo. Mji huu uko kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, na kwa sababu ya ukaribu huo ndio unaodhulumiwa kuliko yote: wanakwenda asubuhi, wanarudi jioni. Nasi tunasema wazi, kikundi kinacholazimika kuchagua mji mmoja tu kichague huu, hata kama vijana watanuna kwa kuikosa Zanzibar. Kulala ni nafuu, hakuna nauli ya boti, na historia yetu imefungwa pale kwa fundo lililo gumu zaidi.

Misafara iliyotoka Maniema kupitia Ujiji na Tabora iliishia pale. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaja kutoka Zanzibar, wakafungua misheni, wakawakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji cha uhuru. Mwili wa Livingstone, uliobebwa na akina Susi na Chuma kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ulilala katika misheni hiyo Februari 1874 kabla ya kuvushwa. Na mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, ulianza safari kutoka Bagamoyo kwenda ndani. Sehemu yake ilifika Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo zikatokea Mulweba na Mpala. Na katika Kanisa hilo lililozaliwa ukingoni mwa ziwa akatoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo yetu ya leo. Njia moja iliwatoa babu zetu na ikawaleta waliowabatiza wajukuu zao.

Mchana mmoja unatosha kuona jumba la makumbusho la misheni na makaburi. Kulala mara mbili kunatoa nafasi ya kuuliza maswali yasiyopendeza. Watoto waliokombolewa waliishi chini ya kengele, wakilima mashamba ya misheni na kuozwa wao kwa wao; je, uhuru wao ulikuwa wa namna gani? Tunadhani vijana Wakatoliki wana haki, tena wana wajibu, wa kuuliza hilo wakiwa wamekaa katika kiwanja kile kile, bila kuwatukana wafu wala kuwasafisha.

Linabaki neno zito. Siku zikiongezwa, watu watapungua: mchango wa kuwapeleka thelathini kwa kukimbia utawatosha labda kumi na wanane kwa kukaa. Tunakubali kupungua huko, kwa sharti moja. Utaratibu wa kuchagua uandikwe na kukubaliwa na wote kabla fedha hazijahesabiwa. Wasichana wawe sawa na wavulana. Watoto wa wanakamati na viongozi wenyewe wawe wa mwisho katika orodha. Palipo na harufu ya upendeleo, safari isifanyike. Na katika parokia ambazo wakimbizi wa vita wamelala madarasani, hatuna ujasiri wa kumwambia mtu achangie boti. Huko mchango uende kwao kwanza, na safari ingoje mwaka mwingine.

Watakaorudi kwa njia ya Kigoma watafika Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna jumba dogo la kumbukumbu na miembe mizee, na ziwa limejitenga mbali kidogo na pale lilipokuwa. Hapo saa tatu zinatosha kabisa, kabla ya kwenda kuulizia meli.