Mwenye zahanati atafute mshauri kabla ya kompyuta

Wako wafanyabiashara wa mikoani ambao faida ya mpunga, korosho au duka la jumla wameiweka kwenye zahanati. Ni biashara kama nyingine: kuna kodi ya pango, mishahara, dawa zinazokwisha muda wake rafuni na mteja anayelalamika kusubiri. Wengi wao hufikiwa na vijana wenye kompyuta mpakato wanaonadi mifumo ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa bila makaratasi. Mifumo hiyo mingine ni mizuri kweli. Kosa linalowagharimu wenye zahanati ni kumfanya anayeuza mfumo kuwa ndiye mshauri wao.

Mkulima analijua vizuri jambo hili. Mwenye duka la pembejeo akiulizwa dawa gani inafaa kwa viwavijeshi, atataja ile aliyonayo. Si mwizi, ndiyo biashara yake. Vivyo hivyo muuza programu hawezi kumwambia mwenye zahanati ya wagonjwa 15 kwa siku kwamba daftari zuri na kabati lenye kufuli vinamtosha kwa miaka miwili mingine. Mshauri anayelipwa na mwenye zahanati peke yake anaweza kusema hivyo, na neno hilo moja likarudisha ujira wake wote. Aulizwe mapema kama anapata kamisheni kwa muuzaji yeyote, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba.

Kazi ya kwanza ya mshauri haihusu kompyuta hata kidogo. Akae mapokezi siku mbili tatu, siku ya gulio ikiwamo, maana ndipo foleni inapofika barabarani. Afuate kadi ya mgonjwa kutoka dirishani hadi kwa tabibu, maabara, dirisha la dawa na kwa karani anayeandaa madai ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Apime dakika zinazopotea kila mahali na aandike.

Ndivyo ilivyofanyika Mosoriot, kituo cha afya cha vijijini magharibi mwa Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mfumo wa kompyuta mwaka 2001. Muda wa watumishi na wagonjwa ulipimwa kabla ya mfumo na baada yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa muda ambao mgonjwa anakaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Mwenye zahanati asiye na kipimo cha kabla atamaliza mwaka bila kujua kama fedha yake ilizaa au ilikaa tu mezani ikiwaka taa.

Mshauri apimwe pia kwa maswali ya kawaida ya kazi. Asiyejua vitabu vya MTUHA atamwacha muuguzi anaandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye kitabu, na baada ya mwezi mmoja kompyuta ndiyo itakayoachwa. Asiyejua jinsi madai ya bima yanavyokataliwa kwa sababu namba ya kadi, ugonjwa, vipimo na dawa havilingani, hana msaada kwa zahanati ambayo sehemu kubwa ya mapato yake yanatoka huko. Na aulizwe umeme ukikatika saa nne asubuhi, intaneti nayo ikiwa chini, mgonjwa aliye mlangoni anaandikishwaje. Akijibu kwamba siku hizi umeme haukatiki, apewe nauli arudi alikotoka.

Wapo watakaosema kuna programu za bure, na ni kweli. OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004, hailipiwi leseni. Lakini mbegu ya kupewa haimlimii mtu shamba. Kuifunga, kuirekebisha ilingane na kazi za zahanati, kuwafundisha watumishi na kuitunza ni gharama, na mara nyingi huko ndiko fedha nyingi zinakokwenda. Mshauri aziweke gharama hizo zote mezani, za miaka mitatu, kabla mashine haijanunuliwa.

Suala zito kuliko yote ni kumbukumbu zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na anayekusanya taarifa anatakiwa kujisajili kwa Tume inayoisimamia. Mwenye zahanati hawezi kujitetea kwamba fundi ndiye aliyeondoka na diski. Tena kijijini hasara haingoji mahakama. Jibu la kipimo cha Ukimwi likivuja, mgonjwa harudi, ndugu zake hawarudi, na habari inafika sokoni kabla ya jua kuzama.

Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba taarifa ni za zahanati, na kwamba siku ya kuachana zitakabidhiwa zote kwa namna ambayo programu nyingine inaweza kuzisoma. Bila kifungu hicho mwenye zahanati anauza lumbesa: kipimo kiko mikononi mwa mwingine, naye kila mwaka ataongezewa ada bila pa kukimbilia.

Malipo yagawanywe. Sehemu ya kwanza itolewe baada ya ripoti ya uchunguzi, ya pili watumishi wakishafundishwa, na ya mwisho isitolewe mpaka madai ya bima ya mwezi mmoja mzima yameandaliwa kwa mfumo mpya bila kurudishwa kwa makosa ya ujazaji. Kabla ya kusaini, mwenye zahanati aende mwenyewe kwenye zahanati mbili ambazo mshauri huyo aliwahi kuzihudumia. Huko asiishie ofisini kwa bosi; azungumze na karani wa mapokezi, ambaye ndiye anayejua mfumo unagoma mara ngapi kwa wiki na simu ya mshauri inapokewa au la. Siku ya makabidhiano, nywila kuu ya mfumo itiwe kwenye bahasha na kufungiwa sandukuni pamoja na hati ya kiwanja.