Mgane na Wanawe

Ndugu Waislamu, mke anapofariki akaacha watoto wadogo, rai ya kwanza matangani huwa ni kuwagawa: huyu kwa bibi, yule kwa shangazi. Nia ni njema, lakini watoto waliofiwa na mama huishia kutengwa na baba pia.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alifiwa na Bibi Khadija (r.a.) yapata mwaka 619, naye akaendelea kuwalea binti zake. Basi malezi si aibu kwa mwanamume.

Kwa mgane twausia haya. Mtoto mchanga apelekwe kliniki upesi, baba mwenyewe aelekezwe maziwa yamfaayo. Akinyonyeshwa na mwanamke mwingine, jina la mama huyo liandikwe, kwani kunyonya huleta undugu unaoharamisha ndoa. Mirathi ya marehemu isicheleweshwe: mke akiacha watoto, fungu la mume ni robo, mafungu ya watoto ni amana mikononi mwake. Binti anayekaribia kubaleghe atafutiwe shangazi au mama mdogo wa kumfunza hukumu za hedhi na twahara.

Nasi jamaa wa msikiti tusimpe pole tupu. Tupange zamu za kuwaangalia watoto awapo kazini. Wala tusimkunjie uso akija nao safuni, Mtume (s.a.w.) alisali hali amembeba mjukuu wake, Umama.

Mwenyezi Mungu awape subira wagane wetu, nasi atujaalie kuwa wasaidizi wao. Amin.