Amana ya Babu Mkuu

Wasomaji wetu watukufu, mwezi uliopita tulizungumza juu ya wasia, na jinsi deni la maiti linavyotangulia mirathi. Mwezi huu niruhusuni nimtaje mtu wa nyumbani kwetu, Mwenyezi Mungu amrehemu: baba yake babu yangu, ambaye sisi vitukuu vyake tulimwita Babu Mkuu. Alifariki hapa Mpanda mwaka 1980, nami nilikuwa mtoto wa chuoni wa miaka 12.

Umri wake hakuujua kwa hesabu. Alisema tu kwamba ndevu zilikuwa zikianza kumwota wakati reli ya Wajerumani ilipofika Kigoma, yaani mwaka 1914. Alikuwa Mbende wa upande wa Karema, akapanda mtumbwi mpaka Ujiji kutafuta kazi, na huko ndiko alikosilimu.

Kazi aliyoipata ni ya uhamali. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Babu Mkuu aliyabeba masanduku hayo pamoja na rafiki yake wa Ujiji. Walikula sinia moja na kulala mkeka mmoja. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo yake wameipaka mafuta mazito isiingie kutu. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kila alipoiona imetia nanga Karema alikuwa akisema, "Ile nimeibeba kichwani," nasi watoto tukicheka.

Vita ilipowageukia Wajerumani, rafiki wawili hao walishikwa kuwa wapagazi, wakaburutwa njia ya Tabora. Yule mwenziwe akapatwa na kuhara damu, akafa kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo tarehe 19 Septemba 1916. Usiku wa kufa kwake alimkabidhi Babu Mkuu rupia zake za fedha, zenye sura ya Kaisari Wilhelm na kofia yake ya tai, zimefungwa katika kipande cha nguo. "Wape watu wangu."

Alirudi Ujiji, akaikuta nyumba ina wenyeji wengine. Akafuata khabari ya ukoo huo kijiji kwa kijiji; na miaka ile Waingereza walikuwa wakiwahamisha watu wa nchi zetu hizi na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale, hata jirani hakujua jirani yake kapelekwa wapi. Mwaka 1921 ikaja shilingi, watu wakamwambia azibadilishe rupia zile kabla hazijawa takataka. Alimwuliza shekhe mmoja, akaambiwa kuwa mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuigeuza. Basi hakuzigeuza. Mwaka mmoja wa njaa aliuza jembe lake na mlango wa nyumba yake, bibi akilala nyuma ya pazia la gunia, wala fundo lile hakulifungua. Kwa kweli, nilipokuwa kijana niliuona huo ni ukaidi, na hata leo namwonea huruma yule bibi.

Reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, yeye, mzee sasa, alikuwa akikaa stesheni kila siku ya treni akiwauliza washukao kama yuko mtu wa Ujiji. Na mwaka 1974, tulipohamishiwa vijijini, kitu cha kwanza alichokitia mkononi ni kile kikopo.

Kikopo sasa kiko kwangu. Wanangu wanasema wako watu wanunuao sarafu za kale kwa bei nzuri. Wanavyuoni nao wanasema kuwa amana ambayo mwenyewe hatarajiwi tena yafaa itolewe sadaka kwa niaba yake, na mrithi akitokea alipwe. Nimeyasoma hayo, na mwaka hata mwaka nimeahirisha.

Basi msomaji, nawe wa Ujiji zaidi: ikiwa katika ukoo wenu husimuliwa khabari ya kijana hamali aliyechukuliwa vitani mwaka 1916 asirudi, mwulize mzee wenu. Jina lake siliandiki, wala idadi ya rupia, wala rangi ya ile nguo. Ajaye atatwambia yeye.