Daktari na muuguzi: Wanasoma mbalimbali, wanakutana kwa mgonjwa

Saa nane usiku. Mama amejifungua lakini damu haikatiki. Mkunga ameshaona hali kama hii mara nyingi, anajua dakika zinakwenda. Daktari mtarajali, wiki yake ya pili wodini, ameongeza dripu na anasubiri. Je, mkunga atasema, “Dokta, tumwite bingwa sasa hivi”? Na akisema, dokta atamsikia?

Tukio hili ni la mfano tu, ila yeyote aliyefanya kazi wodini analijua. Maisha ya mama yule hayategemei tu alichosoma daktari kwenye vitabu. Yanategemea pia kama daktari alifundishwa kumsikiliza mtu ambaye, kwa cheo, yuko chini yake.

Na hapo ndipo penye kasoro. Tanzania, mwanafunzi wa udaktari anakaa chuoni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Muuguzi anapita njia yake, mfamasia yake, mteknolojia wa maabara yake. Hata mabaraza yanayowasajili ni tofauti: madaktari wana lao, wauguzi na wakunga wana lao. Wanaweza kula kantini moja miaka yote hiyo bila kuwahi kujadili mgonjwa mmoja pamoja. Halafu siku ya kwanza kazini wanaambiwa, haya, nyie ni timu.

Ushahidi kwamba mazungumzo yanaokoa watu hauko mbali. Mwaka 2007 hadi 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa Ifakara, Morogoro, sambamba na za London, Seattle na Toronto. Orodha ina vipengele 19. Kimojawapo kinataka kila aliyemo thieta ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Kwa wastani, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Jina tu? Ndiyo, maana aliyekwisha kusema jina lake mbele ya wote ni rahisi zaidi kusema tena anapoona jambo haliko sawa.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Jimbo la Ontario, Canada, liliihimiza orodha hiyo kwenye hospitali zake mwaka 2010. Utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu, na hoja moja nzito ni hii: kuweka tiki ni rahisi, kubadilisha mazoea ya watu ni kazi nyingine kabisa.

Ndiyo maana WHO, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2010, ilitaka wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze pamoja, kila mmoja kutoka kwa mwenzake. Kukaa ukumbi mmoja na kusikiliza lekcha ya anatomia hakuhesabiki. Linköping, Sweden, walianza mapema zaidi: mwaka 1996 walifungua wodi ya mafunzo ambako wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fiziotherapia wanahudumia wagonjwa halisi kwa pamoja, walimu wakiwa pembeni.

Kwa vyuo vya hapa kikwazo cha kwanza ni ratiba, wala si falsafa. Wauguzi wako fildi, madaktari wako kwenye mtihani, na walimu hawatoshi. Kikwazo cha pili hakisemwi sana: heshima. Kuna madaktari wakubwa wanaoona kukosolewa na sista mbele ya mgonjwa ni kushushwa, na mtarajali anajifunza tabia hiyo kwenye raundi haraka kuliko anavyojifunza dozi.

Wodi ya mfano kama ya Sweden ni gharama. Kuna hatua ya bei nafuu zaidi: kumpa muuguzi mkuu wa wodi nafasi ya kumpa mtarajali alama, zihesabike kabla hajapata usajili kamili. Mtarajali anayejua sista ana kalamu mkononi hatamjibu “mimi ndiye daktari” saa nane usiku.